Mama Nsekera na kiti cha kura

Mama musomaji, na wewe Baba uliyekaa karibu naye, mwezi huu tuachane kidogo na bei ya unga. Tuzungumze mupira.

Novemba 2024 mabinti wa TP Mazembe walileta Kamalondo kombe la Afrika la klabu za wanawake, kisha kushinda AS FAR ya Moroko 1 kwa 0. Tulifurahi wote. Lakini uliza nani anakaa kwenye komite, pale franga zinapohesabiwa, utasikia: "Ile njo kazi ya banaume. Bamama bapikie bachezaji chakula."

Ng'ambo ya Tanganyika, kule Burundi, iko mama mumoja, Lydia Nsekera, aliyezaliwa 1967. Mwaka 2004 alichaguliwa prezida wa shirikisho la mupira la inchi yake. Ukumbuke wakati ule: mapatano ya Arusha yalitiwa sahihi mwaka 2000, lakini vita iliyoanza 1993 haikuwa imezimika kabisa. Katika inchi ya namna ile, hata kupanga siku ya muchezo ni kazi. Aliongoza hadi 2013. Katikati, mwaka 2009, akaingia pia katika Komite ya Olimpiki ya dunia.

Sasa sikiliza vizuri. Mwaka 2012 FIFA ilimuita aketi katika komite yake kubwa. FIFA ilizaliwa 1904. Miaka 108 hakuna mwanamuke hata mumoja aliyekaa pale! Lakini kiti kile alipewa kwa mwaka mumoja tu, na wale waliokuwa ndani. Mei 2013, kule Île Maurice, ikawa kura. Wakasimama wanawake 3. Nsekera akapata 95, Moya Dodd wa Australia 70, Sonia Bien-Aimé wa visiwa vya Turks na Caicos 38. Kweli, kiti kilikuwa cha wanawake peke yao, na wengine watasema ushindi huo ni nusu. Mimi naona kura 95 ni kura 95. Alikaa pale hadi 2021, na mwaka 2017 Komite ya Olimpiki ya Burundi nayo ikamuchagua prezida.

Na sisi je? Katika timu ya kartiye, hata ile ya parokia, tunamuweka mama mumoja, tunamuita "Mama mushauri", tunamupa kitenge siku ya sikukuu. Kayé ya franga haigusi. Kumbe Baba, mushahara wako wa mine ukichelewa, nani anahesabu mpaka watoto wanakula na minervale inalipwa?

Komite ikichaguliwa tena, uandike jina lake kwenye karatasi. Akianguka, basi, aanguke kwa kura, kama vile wanaume wanavyoanguka kila mwaka.