Fundi wa Jana na Umeme wa Leo

Tarehe 13 Septemba, 2014, katika mji wa Beijing, nchini China, magari ishirini yalishindana mbio bila ya kuchoma hata tone moja la petroli. Hayo yalikuwa mashindano ya kwanza ya Formula E, yaani mbio za magari yaendayo kwa nguvu ya umeme peke yake. Aliyeshinda siku hiyo ni Lucas di Grassi, raia wa Brazil na mzaliwa wa São Paulo. Katika kona ya mwisho, madereva wawili waliokuwa mbele yake, Nicolas Prost na Nick Heidfeld, waligongana, naye akapita.

Mtu angeweza kusema kuwa ule ulikuwa ushindi wa bahati. Sisi hatuoni hivyo. Atakayeitazama njia aliyoipita dereva huyo ataona kwamba bahati ilimkuta kazini, na kazi hiyo aliikubali wakati ambapo wenziwe wengi walikuwa bado wakiitilia shaka.

Di Grassi alianzia katika vigari vidogo vya mashindano, akapanda daraja kwa daraja. Mwaka 2005 alishinda mbio mashuhuri za Macau. Mwaka 2007 alikuwa wa pili katika GP2, mashindano ambayo wakati huo yalikuwa mlango wa kuingilia Formula One, na miaka miwili iliyofuata alikuwa wa tatu. Mwaka 2010 mlango huo ulifunguka, akaingia Formula One katika timu changa ya Virgin. Huko alikutana na mtihani mzito. Gari alilopewa lilikuwa limeundwa na tangi dogo mno, hata ikahofiwa kwamba mafuta yasingetosha kumaliza mbio, na timu ikalazimika kuomba ruhusa ya kulibadilisha. Msimu ulipokwisha, dereva huyo hakuwa amepata hata pointi moja, na nafasi yake akapewa mwingine.

Mwaka 2011 alishika kazi ya kuyajaribu matairi ya kampuni ya Pirelli. Kwa mtu mwenye kiburi hiyo ingekuwa fedheha, kwani mjaribu matairi hashangiliwi na mtu wala hapewi kikombe. Lakini kazi ile ina elimu yake. Mjaribu hujifunza kukisikiliza chombo, kupima kila badiliko, na kuwaeleza wahandisi kasoro kwa maneno wanayoyafahamu. Baadaye aliendesha magari ya Audi katika mbio za masafa marefu, zikiwamo zile za saa 24 za Le Mans, ambako mwaka 2014 yeye na wenziwe walishika nafasi ya pili. Magari yale ya Le Mans yalichanganya injini ya dizeli na mota ya umeme. Basi waanzilishi wa Formula E walipohitaji mtu wa kulijaribu gari lao, walimpata aliyekwisha kuiva.

Ikumbukwe kwamba jambo lenyewe lilikuwa bado changa. Katika misimu minne ya mwanzo betri haikuweza kufikisha gari mwisho wa mbio. Kila dereva alipewa magari mawili, na katikati ya mashindano alishuka katika moja akakimbilia la pili. Ni katika msimu wa 2018/2019 tu ndipo gari moja lilipoweza kumaliza safari. Hata hivyo, dereva hana ruhusa ya kukanyaga apendavyo. Anapofunga breki, mota hugeuka jenereta na kurudisha sehemu ya nguvu katika betri. Anayefanya pupa humwishia njiani. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba, na hapa neno hilo lina maana yake kamili.

Ushahidi wake ulionekana mjini Mexico City mwezi Februari, 2019. Pascal Wehrlein wa Ujerumani aliongoza mbio mpaka mita za mwisho, umeme ukamwishia mbele ya mstari. Di Grassi, aliyekuwa nyuma yake na akiba mkononi, akampita pale pale. Aliyepata kupewa gari lenye tangi dogo alikuwa amekwisha kujua thamani ya akiba. Wala Wehrlein hakukata tamaa. Mwaka 2024 naye alitwaa ubingwa.

Ubingwa wa di Grassi mwenyewe ulikuja kwa subira. Mwaka 2016 aliukosa kwa pointi mbili tu, ukaenda kwa Sébastien Buemi wa Uswisi. Mwaka uliofuata aliingia katika mashindano ya mwisho mjini Montreal, Kanada, akiwa nyuma ya Buemi huyo huyo, na tarehe 30 Julai, 2017, akatoka bingwa.

Pengine msomaji atauliza, sisi watu wa visiwani tuna haja gani na habari hizi? Hatuiombi Serikali ijenge uwanja wa mbio za magari. Mchezo huo una gharama kubwa, na fedha za wananchi zina kazi nyingine. Tunachokitazama ni njia ya mtu mwenye ujuzi, kwani njia hiyo inawahusu mafundi wetu.

Thamani ya umeme sisi tumefunzwa na dhiki. Mwaka 2008 Unguja ilikaa gizani takriban mwezi mzima, na tangu Desemba 2009 hadi Machi 2010 ikakaa takriban miezi mitatu. Aliyepitia siku zile hahitaji kuhubiriwa juu ya kuweka akiba. Sasa vyombo vya umeme vinaenea duniani, na magurudumu mawili na manne yatakayokwenda kwa betri yatatufikia tukitaka tusitake. Yakifika, nani atayatengeneza?

Jawabu la haraka ni kutafuta vijana wapya na kuwaweka kando makanika wa zamani. Hilo litakuwa kosa. Fundi aliyetumia miaka ishirini chini ya gari anajua breki, mpira, usukani, na mlio wa chombo kinachoumwa. Ujuzi huo hauondoki injini inapoondoka. Di Grassi hakuanza upya. Alichukua alichokijua katika petroli akakiongezea elimu ya umeme, tena mapema, kabla uwanja haujajaa watu.

Kwa hiyo tunawasihi wanaohusika na mafunzo ya amali wawafungulie makanika wa mitaani milango ya masomo ya betri na mota, kwa saa ambazo mtu mwenye familia anaweza kuhudhuria, na bila ya kumdai vyeti vya shule ambavyo hakupata kuvipata. Umeme wa betri kubwa unaua, na haifai kujifunzwa kwa kubahatisha. Nao mafundi wetu tunawaomba wasione haya kukaa tena darasani pamoja na wadogo zao. Chombo kikifika bandarini kabla ya fundi kuwa tayari, fedha ya kukitengeneza itatoka visiwani na kwenda kwa wengine, na fundi wetu atabaki akitazama.