Ukurasa wa Tovuti Ufundishwe kwa Kadi na Sanduku

Wako walimu wanaoshikilia kwamba habari za tovuti haziwezi kufundishwa mpaka shule ipate kompyuta na umeme. Hatukubaliani nao. Mashine huzoeza vidole; lakini namna tovuti inavyotunza na kutoa maandishi yake ni wazo, na wazo hufundishika hata chini ya mwembe, kutoka Kitanga hadi Kibondo.

Jambo la kwanza ni kuondoa dhana kwamba kila ukurasa wa tovuti umewekwa mahali ukiwa mzima, kama ukurasa wa kitabu. Tovuti nyingi sivyo zilivyo. Tuchukue mfano wa Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanzishwa mwaka 2003. Maandishi yake yamo katika hifadhidata, yaani ghala la taarifa lililopangwa kwa mistari na safu mithili ya daftari la mahudhurio. Umbo la ukurasa limewekwa kando. Msomaji anapoomba makala ya Kasulu, programu huchota maandishi ghalani, huyapanga katika umbo hilo, kisha humpelekea ukurasa uliokamilika. Nakala iliyokwisha kutengenezwa huweza kuwekwa akiba, ili kazi isirudiwe kwa kila msomaji.

Mpango huu una faida kubwa. Mwaka 2012 Buhigwe ilitengwa na Kasulu, Kakonko ikatengwa na Kibondo. Vitabu vilivyokwisha kupigwa chapa havikuweza kujirekebisha. Lakini orodha ya wilaya iliyowekwa ghalani mara moja, na kutumiwa na kurasa nyingi, husahihishwa mahali pamoja na kurasa zote zikabadilika. Kosa nalo ni vivyo hivyo: likiingia ghalani, huenea kote.

Kwa hiyo twashauri andalio la somo liwe hivi. Mwalimu atayarishe sanduku la kadi, na karatasi ya manila yenye nafasi za jina la wilaya, maelezo yake, na orodha ya wilaya za mkoa. Mwanafunzi mmoja awe msomaji, wa pili programu, wa tatu mtunza sanduku. Msomaji aombe "Kibondo". Programu atafute kadi zake na kuzipachika. Kisha kadi ya orodha, yenye wilaya 3 za zamani, yaani Kigoma, Kasulu na Kibondo, ibadilishwe kwa yenye 6: ziongezwe Buhigwe, Kakonko na Uvinza. Kurasa ziombwe upya. Mwishowe mwalimu apenyeze kadi yenye kosa, na darasa liulizwe: nani aliiandika, na lini?

Swali hilo ndilo kiini cha somo. Katika Wikipedia, historia ya kila makala huonyesha mabadiliko na tarehe zake; tovuti nyingine hazionyeshi. Watoto wengi wataiona tovuti katika simu ya mzazi kabla ya kuigusa kompyuta ya shule. Tusipowafundisha kuuliza, watasadiki kila king'aacho kiooni. Hatuna budi kuanza sasa, kwa zana tulizo nazo.