Staa Kafika Mpaka Roma, Kunduchi Hajawahi Kukanyaga!

Habari ya mjini wiki hii ni picha za staa mmoja wa kike wa Bongo Movie, mtoto wa Kinondoni kabisa, akijiachia mbele ya Colosseum kule Roma. Gauni refu, miwani nyeusi, mapozi kama yote. Mashabiki wamemmwagia makopakopa mpaka basi.

Mpaka hapo hakuna tatizo. Hela ni yake, pasipoti ni yake, na jengo lenyewe ni kali kweli. Lilizinduliwa mwaka 80 na hadi leo watu wanapanga foleni kuliona. Mwenye wivu ajinyonge.

Tatizo ni maneno aliyoyaweka chini ya picha. Eti wakati wenzetu wanashusha mijengo kama hii, babu zetu walikuwa porini wanakimbizana na swala. Watu wakalaiki balaa, na wengine wakakoleza kwamba Mwafrika kalaaniwa. Hapo ndipo dada alipochemka. Wanaomfuata wengi ni wanafunzi, na akiandika yeye wanaamini kuliko mwalimu wao wa historia.

Ukweli ni huu. Karne hiyohiyo ya kwanza, kitabu cha wafanyabiashara wa dola ya Roma kiliitaja Rhapta, soko la pwani ambalo wanahistoria wengi wanaamini lilikuwa hapa kwetu Tanzania. Meli zilikuja kufuata pembe za ndovu. Yaani wakati Colosseum inajengwa, huku watu walikuwa sokoni wanapatana bei. Porini gani hapo?

Halafu Kinondoni yenyewe ina magofu. Panda daladala ya Tegeta, shuka Mtongani, uliza magofu ya Kunduchi. Utakuta mabaki ya msikiti wa zamani na makaburi yenye nguzo zilizopambwa kwa mabakuli ya Kichina, chini ya mibuyu. Watu hao walikuwa na vyombo kutoka China kabla Kariakoo haijaitwa Kariakoo.

Na ndugu zetu wa Temeke na Mbagala? Kila siku wanakaa kwenye foleni ya Barabara ya Kilwa, lakini wangapi wamewahi kujiuliza hiyo Kilwa ina nini? Kilwa Kisiwani ilitengeneza sarafu zake yenyewe. Ibn Battuta alifika mwaka 1331 akausifia uzuri wa mji ule. Kwenye jumba la Husuni Kubwa kuna bwawa la pembe nane, miaka kama 700 iliyopita, kabla mastaa hawajaanza kujirekodi kwenye mabwawa ya hoteli! UNESCO waliiweka kwenye urithi wa dunia mwaka 1981.

Ila tusimbebeshe dada wa watu mzigo wote. Wangapi wanaomponda wamefika Kunduchi? Wikiendi watu wanapita palepale kwenda ufukweni, wanakula chipsi, wanapiga picha na mawimbi, wanarudi. Kosa la staa ni kosa la mji mzima, tofauti ni kwamba yeye kaliandika.

Roma inajaa wageni kwa sababu wenyewe wameyatunza magofu yao na wanayasimulia. Gofu lisilo na msimuliaji watu wataliona kifusi tu, na kifusi hakina wa kukitetea.

Kwa hiyo dada asifute picha za Roma, aongeze za Kunduchi. Alipe kiingilio kama wengine, amsikilize mtu wa pale akieleza, kisha awaambie mashabiki wake alichokisikia. Avae kiheshima tu, yale ni makaburi ya watu. Posti moja kama hiyo itafuta ile ya porini na kuwafikia watoto wengi kuliko darasa lolote.

Mdau, wewe umeshafika Kunduchi au na wewe unaisikia leo? Tiririka hapo chini, ila matusi hapana!