Baraza jipya la madiwani Tabora: tulipime kwa lipi?

Tangu madiwani wapya wa Manispaa ya Tabora waanze kazi baada ya Uchaguzi Mkuu wa Oktoba 29, 2025, swali tunaloulizwa mara nyingi ni moja: wamefanya nini mpaka sasa? Anayeuliza kutoka Mtendeni, katikati ya mji, anawaza mitaro na taka. Anayeuliza kutoka Misha au Ndevelwa, kata za pembezoni zenye vijiji, anawaza kisima, zahanati na njia ya kupitisha mazao wakati wa mvua.

Ili tuwatendee haki, tuanze na kalenda. Mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai 1 na kumalizika Juni 30. Bajeti ya 2025/26 madiwani hawa waliikuta, ilipangwa kabla yao. Kwa hiyo darasa linaloezekwa katika miezi yao ya kwanza ni mpango wa waliotangulia. Diwani mpya akipiga picha mbele yake, tusimpe sifa isiyo yake. Na jengo likiwa limekwama tangu zamani, tusimtwishe yeye lawama yote. Bajeti ya kwanza ya baraza hili lenyewe ni ya 2026/27, inayoanza Julai 1, 2026. Hapo ndipo kipimo kilipo: je, kipaumbele cha kijiji chako kimeandikwa humo?

Jambo la pili ni kujua nani anashika nini. Barabara za vijijini na za mitaa ziko chini ya TARURA tangu 2017. Maji vijijini yako chini ya RUWASA, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2019, na mjini ni TUWASA, inayosambaza maji ya bomba kutoka Ziwa Victoria. Umeme ni TANESCO na REA. Diwani anaweza kuzisukuma taasisi hizo, kuziita na kuzihoji, lakini fedha zao hazigawi yeye. Aliyeahidi lami kwenye kampeni aliahidi kitu kilicho mfukoni mwa mwingine.

Yaliyo mikononi mwa halmashauri yapo, tena mengi: majengo ya shule za msingi na sekondari, zahanati na vituo vya afya, masoko, minada, uzoaji wa taka na maofisa ugani. Ipo pia mikopo isiyo na riba, inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa Aprili 2023 baada ya kasoro nyingi, ikarejeshwa 2024. Hiki ni kipimo kizuri cha mapema, kwa sababu hakihitaji kungoja jengo liishe. Vikundi vingapi vya kata yako vimeomba? Vingapi vimepata? Waliokataliwa walielezwa sababu?

Mapato hayo ya ndani yanatoka kwetu: leseni, vibanda vya soko, ushuru wa mazao. Zamani misafara iliyopita Unyanyembe ililipa hongo kwa watemi ili ipishwe njia. Neno lilikuwa na maana ya ushuru. Leo maana yake ni rushwa. Kinachotenganisha viwili hivyo ni risiti. Ukilipa getini bila kupewa risiti ya mashine, fedha hiyo haitajenga zahanati, na baraza halitajua kama ililipwa. Dai risiti.

Kuna jambo jingine lisilopaswa kufichwa. Katika uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 27, 2024, CCM ilitangazwa kushinda karibu asilimia 99 ya vijiji nchini. Mwaka uliofuata CHADEMA haikushiriki Uchaguzi Mkuu, na siku ya kupiga kura ilishuhudia machafuko na vifo katika miji kadhaa ya nchi. Baraza ambalo wajumbe wake karibu wote wametoka chama kimoja linaweza kuelewana haraka. Linaweza pia kukosa mtu wa kuuliza swali gumu. Mkurugenzi, ambaye huteuliwa na Rais, anawajibika kwa madiwani kwa taarifa za kila robo mwaka. Madiwani wasipouliza, wa kuuliza anabaki mwananchi.

Na mahali pa kuulizia papo kisheria. Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kufanyika kila baada ya miezi mitatu, na mapato na matumizi yasomwe. Kipaumbele kinachokubaliwa pale hupelekwa kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo mwenyekiti wake ni diwani, kisha halmashauri. Kisichoandikwa kwenye muhtasari wa kijiji hakina pa kuanzia safari.

Kwa hiyo mkutano ukiitishwa, nenda na maswali matatu. Kipaumbele chetu kimeingia kwenye bajeti ya 2026/27? Kimetengewa kiasi gani? Kikikosa fedha, ni nini kilichowekwa mbele yake, na kwa sababu gani? Na kama mkutano wa kijiji haujaitishwa kwa zaidi ya miezi mitatu, basi swali la kwanza ni hilo, na wa kulijibu ni mwenyekiti wa kijiji, kabla hatujafika kwa diwani.