Fundi apime kwanza, asikimbilie kufuta

Ndugu Mhariri,

Naomba unipatie nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nami nitoe dukuduku langu juu ya mafundi wa kompyuta, na juu ya kampuni zinazotuuzia huduma ya intaneti majumbani. Mimi ni mwalimu mstaafu, na nadhani yaliyonipata yamewapata wengi ambao hawakuandika.

Nyumbani kwetu Kihonda tuna waifai ambayo tunailipia kila mwezi. Novemba 2025 kampuni iliwatuma vijana wake wawili kuja kubadilisha ruta, yaani kile kidude kinachosambaza intaneti ndani ya nyumba. Walikuwa na adabu na hawakukaa hata nusu saa. Waliweka jina lile lile na nenosiri lile lile la zamani, wakatuambia hatuna haja ya kuhangaika na kitu chochote. Kweli, simu zote zilishika hapo hapo. Lakini jioni, binti yangu alipofungua laptopu yake, jina la waifai yetu halikuonekana. Majina ya majirani watatu yalikuwapo, la kwetu hapana.

Binti yangu huyo ni mwalimu na anajisomea shahada ya pili. Laptopu yake ni ya siku nyingi, aliinunua mtumba, lakini ndiyo iliyokuwa na utafiti wake wote: mazungumzo aliyorekodi na wakulima 19 wa mpunga kule Kilombero, pamoja na sura mbili alizokwisha kuandika. Kesho yake alikuwa na safari ya kikazi, akaniomba nimtafutie fundi.

Niliipeleka mjini. Fundi aliiwasha, akaitazama kidogo, akasema, "Mzee, hii Windows 10 imeshakufa, ndiyo maana waifai inaikataa. Tunapiga Windows upya." Nami nilikuwa nimesikia kwamba Microsoft imeacha kuihudumia Windows 10 tangu tarehe 14 Oktoba 2025, nikaona maneno yanalingana. Hakuniuliza kama simu za nyumbani zinashika. Hakuniuliza kama kuna kitu kilichobadilishwa karibuni. Nikatoa shilingi 35,000. Alasiri nilipoifuata, alinionyesha kwa macho yangu inavyoshika waifai ya dukani kwake, nikamshukuru na kuondoka. Nafika nyumbani: majirani watatu wapo, sisi hatupo.

Binti yangu aliporudi aliniuliza swali moja tu: "Baba, ulimwambia atoe kwanza kazi zangu?"

Ndugu Mhariri, sikumwambia. Sikujua kwamba kupiga Windows, kwa namna alivyofanya fundi yule, ni kufuta kila kilichomo. Yeye alijua.

Aliyetutoa gizani ni mpwa wangu, kijana wa kidato cha sita, ambaye alikuja kusalimia tu. Hakufungua kompyuta. Alifungua intaneti ya simu yake ili simu hiyo iwe kama waifai ndogo, akaiambia laptopu iishike, nayo ikaishika mara moja. Akasema, "Mjomba, kompyuta nzima hii. Tatizo lipo kati yake na ruta." Akaingia kwenye mipangilio ya ruta kwa kutumia simu, na kisha akanieleza kwa mfano ambao mtu wa umri wangu anauelewa bila shida.

Alisema waifai za majumbani hutumia zaidi masafa mawili, gigahezi 2.4 na gigahezi 5. Ni kama redio. Wengi wetu tulikuwa na redio zenye masafa ya kati na masafa mafupi tu, na hata ungezungusha kisu usiku kucha usingepata kituo cha FM, wala si kwa kuwa redio ni mbovu. Laptopu nyingi za zamani, na ya binti yangu ikiwamo, zinasikia gigahezi 2.4 peke yake. Ruta mpya inaweza kutoa masafa yote mawili kwa pamoja, lakini ya kwetu ilikuwa imefungwa upande wa 2.4 na kuachiwa 5 tu. Simu zetu zinasikia zote, ndiyo maana hazikulalamika. Ruta ya majirani na ile ya dukani kwa fundi zilikuwa zinatoa 2.4, ndiyo maana zilionekana. Mpwa wangu akaufungua upande ule, na hazikupita dakika mbili laptopu ikashika. Malipo yake yalikuwa chai na chapati.

Si kwamba gigahezi 5 ni mbaya. Ina kasi zaidi, ila inachoka haraka ikikuta kuta za tofali. Ile 2.4 ni ya pole pole lakini inafika hadi chumba cha uani. Kwa nini basi mtu azime mojawapo bila kumwambia mwenye nyumba?

Na hiyo habari ya Windows 10 "kufa" inafaa isemwe sawasawa, maana sasa imekuwa mtaji wa watu. Kuacha kuhudumiwa maana yake ni kwamba haipati tena marekebisho ya usalama bila mpango maalumu, jambo ambalo mwenye kompyuta anapaswa kulifikiria. Lakini haikuzimwa, na hakuna waifai inayoikataa kwa sababu hiyo.

Kwa hiyo nawaomba wananchi wenzangu, kabla ya kubeba kompyuta kwenda mjini, mtazame mambo machache. Kama simu nazo hazishiki, usiilaumu kompyuta, waite kampuni. Kama simu zinashika, isogeze laptopu karibu kabisa na ruta, kisha uijaribu kwa intaneti ya simu kama alivyofanya mpwa wangu. Angalia pia kama alama ya ndege haikuwashwa, maana kidole kikigusa kitufe kimoja tu waifai nzima huzimika, na wapo waliolipa fundi kwa ajili ya hilo. Kama jina linaonekana ila linakataa, iambie kompyuta iisahau waifai hiyo, kisha uandike nenosiri upya. Yote hayo hayafuti hata herufi moja.

Kwa upande wa mafundi, sidai wafanye kazi bure. Nadai wapime kwanza. Na kama hapana budi kupiga Windows, mwenye mali aambiwe kwa Kiswahili kinachoeleweka kwamba vilivyomo vitafutika, aulizwe kama ana nakala, na akubali mwenyewe. Daktari hamkati mtu mguu kwa sababu viatu vimembana.

Binti yangu alirudi Ifakara kabla ya Krismasi, akakaa siku sita kwa gharama zake kuwatafuta wale wakulima upya. Aliwapata 16. Wawili walikuwa wamehama. Mmoja, mzee aliyemsimulia habari za mafuriko na mbegu za zamani kwa muda wa saa mbili, alikuwa amefariki. Sauti yake ilikuwa ndani ya kompyuta ile tu.

Nimewapigia simu kampuni mara mbili nikitaka kujua kama nyumba nyingine walizobadilisha ruta wiki ile zimefungwa namna hiyo hiyo. Mara zote mbili niliambiwa nisubiri, nitapigiwa. Je, wahusika, nisubiri mpaka lini?

Mwalimu Mstaafu,
Kihonda, Morogoro.