Taa Nyekundu Si Sifa
Manze, tuache kudanganyana: taa nyekundu kwenye kompyuta si ushujaa.

Juzi, kwenye studio moja mtaani, mzee mpiga benga alifungulia ampu hadi madirisha yakatetemeka. Prodyusa naye akapandisha gaini, eti tushike moto. Moto gani? Kwenye dijitali, desibeli sifuri ndiyo dari. Ukiigonga, vilele vya sauti vinakatwa, na hakuna programu itakayovirudisha vile vilivyokuwa.

Enzi za tepu, kurekodi kwa nguvu kulisaidia kufunika mvumo wa tepu yenyewe. Leo biti 24 zina nafasi ya takriban desibeli 144. Unaogopa nini? Acha ampu ipige kelele. Wewe teremsha gaini ya maikrofoni mpaka vilele vicheze karibu na desibeli hasi 12. Sauti utaongeza baadaye. Mkwaruzo wa ampu ni ladha. Mkwaruzo wa kompyuta ni hasara.

Mimi niliacha chuo, lakini hesabu hii naijua. Nilikuwa pale, nikaiona taa, nikanyamaza. Mzee amesharudi kwao. Ile solo hataipiga vile tena.