"Mir" ni Neno Moja

Jioni moja katika mabishano ya darasa letu, mwenzangu mmoja alisimama akadai kwamba jina la kitabu cha Tolstoy limefasiriwa vibaya, kwamba si "Vita na Amani" bali "Vita na Ulimwengu", kwa kuwa neno la Kirusi "mir" maana yake ni ulimwengu. Wengi walimpigia makofi. Mimi sikupiga, na hapa naomba nafasi nieleze sababu.

Ni kweli "mir" lina maana mbili, amani na ulimwengu. Lakini zamani Warusi waliziandika mbali mbali, kila moja kwa herufi yake ya "i", mpaka tahajia ilipobadilishwa mwaka 1918 na herufi moja ikatupwa. Tolstoy aliandika kwa ile ya amani. Mshairi Mayakovsky, katika shairi alilotunga mwaka 1915 na 1916, aliandika kwa ile ya ulimwengu, nami nadhani alimchokoza mzee kusudi. Basi anayetaka "Vita na Ulimwengu" na amwendee Mayakovsky.

Lakini wako wanaokosea upande wa pili, wakisema kuwa hayo ni maneno mawili yaliyokutana kwa bahati, kama paa la nyumba na paa wa porini. Sikubali. Herufi mbili zilikuwa desturi ya kalamu tu. Mdomoni sauti ni moja. Wacheki, Waserbia na Wabulgaria hutumia neno hilo hilo kwa amani, na ulimwengu huuita kwa neno lenye asili ya nuru. (Wapoland amani huiita "pokój", ambalo pia ni chumba!)

Kwa maoni yangu daraja la maana hizo mbili ni kijiji. Wakulima wa Urusi waliiita jumuiya yao "mir". Ndiyo iliyowagawia mashamba, na kwa muda mrefu kodi ilidaiwa kwa wote pamoja. Waliopatana wakaishi pamoja, hao ndio waliokuwa ulimwengu wa mkulima. Hata Stolypin alipowaruhusu mwaka 1906 kujitenga na mashamba yao, wengi hawakutoka.

Mwaka 1986 kiliporushwa kituo cha anga kilichoitwa Mir, wako waliofasiri Amani na wako waliofasiri Ulimwengu. Nasema wote walipata. Mwenzangu akitaka tubishane tena, niko bwenini namngoja.